Kabla ya Bamvua

Lindi Mjini,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Wifi Samia,

Assalaam aleikum. Tumefika Lindi salama, mwanao Fauzia amekula, ameoga, amelala na anakoroma. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Usingeliona kwenye mstari wa kwanza, usingesoma wa pili.

Kesho asubuhi tunaanza kutembea. Tunafuata pwani kwa miguu kwenda kaskazini, kijiji hadi kijiji, Mchinga, Kijiweni, na kuendelea mpaka pale Mto Mbwemkuru unapoingia baharini. Tukivuka hapo tutafika Kiswere, na huko tutapanda gari la kurudi. Ndiyo likizo yetu yote hiyo. Fauzia anasema amekunywa maji ya Mbwemkuru tangu anazaliwa Nambilanje, amefua humo, amekimbizwa na kiboko humo, sasa anataka kuona huo mto unakoishia. Na mimi nisikufiche, nimefundisha jiografia Nachingwea miaka yote hii na sijawahi kuuona mdomo wa mto hata mmoja. Marehemu kaka Ramadhani alimwahidi mwanawe safari hii, hakujaaliwa. Shangazi mtu yupo.

Sasa sikiliza mpango, usije ukauharibu kwa woga wako. Simu yangu nimemwachia jirani yangu Scholastika kule Nachingwea. Kaka yako Harithi akipiga, itaita hukohuko, na Scholastika atamwambia mwalimu yuko darasani na mpwa wake, wanasoma masomo ya ziada. Wewe nawe simu yako imegeuka ya kaka Harithi tangu aje kukaa kwako kusubiri mnada wa ufuta, kila ikiita anaipokea yeye. Kwa hiyo tutaandikiana barua kama wazee wetu. Zako mpe Koleta pale anapouza samaki sokoni. Mzigo wake unatoka huku, na Eusebio anayemkusanyia samaki kwa pikipiki vijiji vya pwani atatupata tu.

Barua zangu zitanuka papa. Utavumilia.

Wifi yako,
Bibie


Ruangwa,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Wifi Bibie,

Shuleni tulifundishwa kumwandikia mtu kwamba sisi wazima, hofu na mashaka ni kwake. Nilikuwa naandika tu, kama wimbo. Leo nimeandika hivyo nikafuta, maana yamekuwa ya kweli mno.

Naogopa, wifi. Tangu muondoke, pikipiki ikipunguza mwendo karibu na mlango wangu nasimamisha cherehani nisikilize. Jana nimeshona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Nimefumua, nimeshona tena, nimekosea tena palepale.

Kaka Harithi kaniuliza wakati wa kula, "Hivi mpwa wangu anasoma somo gani huko Nachingwea?" Nikasema Hesabu. Akasema, "Shangazi yake si mwalimu wa Jiografia?" Nikasema, na Jiografia pia. Akanitazama, akaendelea na ugali wake. Unamjua alivyo, hagombi. Ananyamaza, na ukimya wake huo bora angegomba.

Unakumbuka alivyosema nilipomwomba ruhusa: "Mtoto wa kike kuzurura ufukweni na begi mgongoni kama mtalii, hapana. Sisi watu wa bara, baharini tuna nini?" Nami nikaitikia, nikageuka nikamfungia mtoto begi. Wewe ni Mmwera mwenzangu, huhitaji kuambiwa kwamba kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Likimpata jambo, ukoo utamuuliza kaka, na kaka ataniuliza mimi. Nitajibu nini? Kwamba nilimdanganya kwa sababu mtoto alinuna?

Ninaye huyo mmoja tu. Tembeeni mkiwa juu, kwenye nchi kavu. Msiingie majini, hata miguu.

Wifi yako,
Samia


Kijiweni,
Jumanne, 17 Juni 2025

Wifi Samia,

Barua yako Eusebio ametuletea tukiwa tunakula mihogo na changu wa kuchoma. Kwa hiyo tulia.

Njia ni nzuri. Mahali pengine ni mchanga, mahali pengine ni majabali yanayokata viatu, mahali pengine unapita katikati ya minazi ya watu na unapiga hodi njia nzima. Watu wa huku wakarimu, ila wanatucheka. Juzi tulikuta maji yamekatisha njia, nikauliza watoto, "Mto huu unaitwaje?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. "Mwalimu, huo si mto! Bahari imeingia!" Tukakaa kivulini kusubiri, na kweli baadaye maji yote yakaondoka, tukapita pakavu. Mwalimu wa jiografia mimi! Toka siku hiyo nimeapa sitaulizauliza ovyo. Nasikiliza, natikisa kichwa kama mwenyeji.

Fauzia ameungua na jua, amekuwa mweusi wa kung'aa, anapendeza. Kaka Harithi mpe ugali na mboga nzuri, mnada ukimalizika ataondoka.

Wifi yako,
Bibie

Mama shikamoo. Shangazi ameenda kuoga, naandika haraka huku chini. Usimwambie nimekwambia. Jana tulinaswa na maji chini ya jabali. Tulikuwa tunapita chini, bahari ikaanza kurudi, haikuja kwa kishindo, ilikuja taratibu tu, ukigeuka nyayo zako hazipo. Tukapanda juu ya mwamba tukakaa hapo mchana kutwa. Shangazi alikuwa anasoma dua kwa sauti. Wakati wa kushuka nikamshika mkono. Lakini mama ni raha, usiogope, kesho kutwa tunauona mto wetu! Fauzia.


Ruangwa,
Jumatano, 18 Juni 2025

Wifi,

Jabali gani? Maji gani? Unaniandikia mihogo na changu na mwanangu ameketi juu ya mwamba anasubiri kufa? Usimgombeze mtoto, nimemzaa mimi, najua mwandiko wake hata ungejificha wapi.

Lakini hilo tutaliongea ana kwa ana, kwa sababu limekuja kubwa zaidi. Mnada umesogezwa mbele. Kaka Harithi hana la kufanya hapa, na leo asubuhi kasema, "Jumamosi nakwenda Nachingwea, nikamsalimie mpwa wangu na nimrudishe mwenyewe." Nikasema, kaka, utamkatisha masomo. Akasema, "Huyo jirani anayepokea simu kila nikipiga ananiambia yuko darasani. Hata saa ya kula yuko darasani. Darasa gani hilo?"

Wifi, anajua. Au hajajua ila amenusa. Nilimwaga chai yote mezani.

Nakuomba, nakuomba kwa jina la kaka yako aliye kaburini, Ijumaa usiku muwe Nachingwea. Acheni huo mto. Au kama kuvuka ndiyo njia fupi, vukeni. Sijui mtapita wapi na wala sitaki kujua, piteni popote, ila Jumamosi akigonga mlango wako amkute mtoto ana daftari mkononi.

Siwezi kulala. Siwezi kula mbele yake.

Samia


Kando ya mdomo wa Mbwemkuru,
Alhamisi, 19 Juni 2025

Wifi Samia,

Eusebio amenipa barua yako jioni hii na yuko hapa anafunga matenga ya samaki kwenye pikipiki. Hata pa kukaa mtu mmoja hamna, sembuse wawili. Naandika amesimama, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Kwanza nisamehe jabali. Nilikuficha kwa sababu niliogopa, na nilijua wewe utaogopa mara mbili.

Pili, mto tumeuona. Mwanao alipiga kelele akakimbia mchangani. Ni mpana, wifi, kule kwetu mwezi huu ni madimbwi na mchanga tu, huku sijui maji yametoka wapi. Upande wa pili ni mikoko, na nyuma ya mikoko kuna njia ya kwenda Kiswere. Kurudi nyuma tulikotoka ni mwendo wa siku mbili, hatuwahi. Tukivuka kesho asubuhi, adhuhuri tuko kwenye gari.

Mwenye mtumbwi amekwenda kambi ya uvuvi, hajulikani anarudi lini. Lakini wenyeji huwa wanavuka kwa miguu, kuna fungu la mchanga katikati. Sasa tangu lile jabali mimi bahari siiamini tena, nikasema sivuki mpaka nijue maji yakoje. Nikamfuata mama mmoja anayechokoa pweza, nikamuuliza kwa ujanja, nisije nikachekwa tena: "Maji ya siku hizi yakoje, mama?" Akasema, "Siku hizi maji mafu, mwalimu. Bamvua mpaka wiki ijayo." Nikatikisa kichwa.

Unakumbuka kwetu Nambilanje mto ukifa tunavyovuka na ndala miguuni? Basi ndiyo hivyo, maji yamekufa, yamelala. Na hilo bamvua ndilo baya, ndilo linajaza bahari, tumeliona mkia wake kule jabalini. Tutavuka kabla halijafika. Kumbe haraka yako imetusaidia.

Eusebio anapiga honi. Jumamosi mtoto atakuwa na daftari.

Wifi yako,
Bibie


Ruangwa,
Jumamosi, 21 Juni 2025

Bibie,

Barua yako nimeisomea palepale kwa Koleta, nimesimama, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa na furaha. Nilipofika kwenye maji mafu Koleta akaacha kupima samaki. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Wanavuka kwa mtumbwi?" Nikasema kwa miguu. Akakaa chini juu ya ndoo.

Maji mafu hayajafa, Bibie. Koleta amezaliwa Mchinga, amenieleza kama mtoto mdogo. Maji mafu ni siku ambazo bahari haijai sana, lakini pia haipwi. Haiondoki. Fungu linabaki chini ya maji. Linaloondoa maji ni bamvua! Bamvua linajaa sana na linapwa sana, na siku ya bamvua ndipo watu wanapita pale wakavu. Ulitakiwa usubiri hilo unalolikimbia. Ungeuliza neno moja tu zaidi. Neno moja! Ukaona aibu kuchekwa na mchokoa pweza.

Koleta amempigia Eusebio, hapatikani. Amempigia mtu wa Kiswere, anasema hajaona mwalimu wala mwanafunzi. Nimempigia Scholastika, analia tu.

Nimemwambia kaka Harithi. Alikuwa amevaa tayari kwa safari ya Nachingwea, anafunga viatu. Nilimwambia yote, nimepiga magoti. Alimaliza kufunga kiatu, akauliza, "Basi la Lindi linatoka saa ngapi?" Nilitaka kwenda naye, akanikataza, akasema nibaki na simu, akanirudishia simu yangu mkononi. Barua hii anakuja nayo yeye. Kama atakukuta.

Sina wa kumlilia kwa hiyo nakuandikia wewe. Jana ilikuwa Ijumaa. Mlivuka jana. Wakati mnavuka mimi nilikuwa nakata kitambaa na nilikuwa naimba, unasikia? Nilikuwa naimba kwa sababu nilijiambia mko njiani kurudi.

Ulimtaka mtoto wangu kwa likizo, nikakupa. Mara zote umemtaka, nami nimekupa, kwa sababu nilikuhurumia. Lakini wewe hukuzaa, Bibie. Mwenye kuzaa hamwingizi mtoto kwenye maji asiyoyajua kwa sababu ya kuona aibu. Hilo huwezi kulijua na hutalijua.

Usirudi bila mwanangu. Ukiwa huna, usirudi.

Samia


Hospitali, Lindi,
Jumatano, 25 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Najua mjomba ameshakupigia, na najua amekwambia sisi wazima. Mimi mzima kweli, nimechanika goti tu na mikoko. Mengine nilimwomba asikuambie kwa simu, maana hapa wodini kila mtu anasikia, na nilitaka uyapate kwangu.

Tuliingia asubuhi. Mwanzo maji yalikuwa chini ya magoti na shangazi alikuwa anacheka, anasema unaona, yamelala. Tulikuwa tunatafuta fungu. Tukaenda, tukaenda, maji yakawa kiunoni, tukasema fungu liko mbele. Mama, fungu tulikuwa tumelikanyaga tayari, ndilo lile la maji ya kiunoni. Baada yake palikuwa shimo. Na bahari ikaanza kurudi. Tukageuka, nyuma nako kumekuwa kirefu.

Shangazi akaachia begi lake, akanivua na langu. Unajua alivyo mfupi, maji yalikuwa yanamfika kidevuni wakati mimi yananifika kifuani. Akaniweka mbele, akawa ananisukuma mgongoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa anaimba ule wimbo wa mchakamchaka wa shuleni kwake ili nisisimame, nilikuwa nasikia anameza maji katikati ya maneno. Halafu nikashika mzizi wa mkoko. Nikapanda. Nikageuka nimpe mkono na hakuwepo.

Sikumbuki nilipiga kelele muda gani. Yule mama mchokoa pweza ndiye aliyesikia kwanza, kutoka ng'ambo ile. Wakaja vijana na kipande cha mtumbwi kibovu, wanakichota maji kwa kopo. Pona yake ni kwamba bahari ilikuwa inaingia, ikampeleka ndani kwenye mikoko, ingekuwa inatoka ingemtupa nje kabisa. Walimkuta amekumbatia mti. Walimtoa kidole kimoja kimoja. Mama wa pweza alikuwa anajipiga kifua, anasema, "Mimi nilimwambia maji mafu! Nilimwambia mwenyewe! Kwa nini aliingia?"

Eusebio alipotukuta ndiye aliyetafuta gari la kutuleta hapa. Mjomba akatukuta siku ya pili. Nilidhani atanipiga. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama usoni kama anahakikisha ni mimi, kisha akatoka nje akakaa muda mrefu. Tangu hapo analala kwenye benchi la koridoni. Asubuhi anamletea shangazi uji na anamwita mwalimu, kwa heshima, na shangazi anafumba macho kila akimwona.

Mama, shangazi hali yake si nzuri. Maji yaliingia kwenye mapafu, sasa kifua kimepata homa. Analala amekaa, ana mpira wa hewa puani. Daktari anasema tusubiri, na akisema hivyo haniangalii. Macho yamevimba kwa chumvi, hawezi kusoma. Kuongea anaongea maneno mawili matatu, halafu anapumzika.

Mjomba alinipa barua yako, akasema, "Hii ya shangazi yako, msomee." Niliifungua kando ya kitanda, mbele yake. Nikaona imeanza na "Bibie", kavu. Nikaenda kuimalizia chooni.

Nimeisoma yote, mama. Hata ile sehemu ya kuzaa.

Sikulaumu. Ulikuwa unaogopa. Lakini na yeye aliingia kwenye yale maji kwa sababu alikuwa anakuogopea wewe, alikuwa anasema njia nzima, tuwahi, mama yako asije akaaibika mbele ya kaka yake. Hajaniambia hata mara moja kwamba ni kwa ajili ya barua yako. Nakwambia mimi.

Kila asubuhi akizinduka ananiuliza kitu kimoja: "Wifi ameandika?" Namwambia bado, basi la Ruangwa limeharibika njiani. Leo ameuliza mara mbili. Kudanganya nimejifunza kwenu, najitahidi, lakini nikisema hivyo ananishika mkono na naona hajaamini.

Hii utaipata jioni kwa gari la samaki, na Koleta amemwambia mjomba kwa simu kuna mtu anakuja Lindi kesho na basi la alfajiri. Andika nyingine, mama. Andika leo, hata mstari mmoja, nami nitamsomea hiyo.

Mwanao,
Fauzia